Mtoto Umemwachia Nani?

Ukifungua Katiba ya 2010 ukaenda hadi nyuma kabisa, kule watu wengi huwa hatufiki, utapata Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi ziligawanywa: hizi za serikali ya kitaifa, hizi za kaunti. Kwenye orodha ya kaunti, namba nne ina leseni za pombe na kamari. Namba sita ina leseni za mbwa na mahali pa kuzika wanyama. Namba nane ni mipango na maendeleo ya kaunti. Halafu namba tisa, imebanwa katika sentensi moja na shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kuna kazi inayoitwa vituo vya kulea watoto.

Nilirudia kuisoma hiyo sentensi. Nimezaliwa Nairobi, nimekulia Nairobi, na mtaani kwetu kituo cha kaunti cha kumwacha mtoto wa mwaka mmoja sijawahi kukiona. Vituo ninavyovijua ni vile vya kibao cha mbao kimeandikwa "Baby Care" kwa rangi, mshale unaelekeza ndani ya ploti, na huko ndani kuna mama mmoja, chumba cha ten by ten, na watoto kumi na kitu. Kwa kawaida ni shilingi 50 hadi 100 kwa siku, na chakula cha mtoto unabeba mwenyewe. Jiji hili huamka saa kumi na moja asubuhi likielekea kazini kwa miguu na kwa matatu, na linaweza kuamka hivyo kwa sababu hao kina mama wa vibao wameshafungua mlango.

Kwa hivyo nikaanza kuuliza swali moja tu: kabla ya vibao, nani alibaki na watoto? Na nani alilipa?

Reli ilifika hapa mwaka wa 1899. Mji uliochipuka kando yake ulitaka mikono ya kupakua mizigo, kufagia, kupika, kusukuma mikokoteni. Mikono hiyo ilikuwa ya wanaume, na ilipangiwa kurudi kwao mkataba ukiisha. Sheria ya kipande ilikuja 1915, ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza. Mwafrika alikuwa mjini kwa sababu ana kazi. Kazi ikiisha, sababu imeisha. Kariokor, mtaa uliochukua jina la wale wapagazi wa vita, ulikuwa mabweni ambako mtu alikodi kitanda. Hebu jiulize mtoto anawekwa wapi kwenye nyumba inayokodishwa kwa kitanda.

Tukisimulia historia hii huwa tunazungumzia ubaguzi, na ni kweli ulikuwepo, kila mahali. Lakini kulikuwa pia na hesabu, na hesabu ilikuwa hivi. Mshahara wa mfanyakazi ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia: unga wake, blanketi yake, kitanda chake. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako kwenye shamba kule reserve, wanajilisha. Yaani nyanya yako mkubwa aliyekuwa akilima, akichota maji na kulea watoto watano kule Nyeri au Maragoli, alikuwa anamlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya gharama ya kupata wafanyakazi. Hakupewa risiti. Ushago ndio kilikuwa kituo cha kwanza cha kulea watoto wa wafanyakazi wa jiji hili, na kilikuwa cha bure.

Mwaka wa 1954 kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika, na ikakiri jambo hilo waziwazi. Mshahara wa bachela, ilisema, unazaa wafanyakazi wasiotulia: wanakuja miezi kadhaa, wanarudi nyumbani, wanakuja wengine wasiojua kazi. Ilipendekeza mishahara ipande pole pole, kwa muda wa miaka kama kumi, hadi ifike kiwango cha kutosha familia. Ukiisoma leo unaona wenye mali walikuwa wameanza kuelewa kwamba mfanyakazi mwenye familia karibu ni faida kwao. Ila katika mawazo yao familia ilikuwa na umbo moja: baba kiwandani, mama nyumbani na watoto. Kwamba mama naye atakuwa kiwandani, hilo halikuwa kwenye mpango. Bado hatujatoka kabisa ndani ya mpango huo, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka huohuo, Aprili, Operesheni Anvil ilipita Nairobi ikiokota maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wanaume wengi walipelekwa vizuizini, wanawake na watoto wakarudishwa reserve. Huko watu walikusanywa kwa nguvu kwenye vijiji vya dharura, na kina mama wakapelekwa kwenye kazi za lazima, kuchimba mitaro na kujenga barabara. Na hapo, kwenye hivyo vijiji, vikaanzishwa vituo vya kuwaweka watoto wakati mama zao wanafanya kazi. Kwenye mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa nako kukawa na sehemu za kuwalisha na kuwaangalia watoto wa vibarua.

Habari hiyo ilinikaa kichwani siku nyingi. Kwa miaka hamsini tuliambiwa mtoto wa mfanyakazi ni jambo la nyumbani, mwajiri halimhusu. Lakini mahali mikono ya mama ilipohitajika kuchuma kahawa au kuchimba mtaro, mahali pa mtoto palipatikana, na upesi. Ardhi ilikuwepo, paa lilikuwepo, uji ulikuwepo. Sijaona kituo hata kimoja cha enzi hiyo kilichoanzishwa kwa sababu mama fulani alisema, mimi nataka kazi, nisaidieni.

Uhuru ulileta harambee. Wazazi walijenga shule za nasari kwa mabati na udongo, kanisani, chini ya miti, wakachanga za kumlipa mwalimu. Ni moja ya kazi kubwa ambazo wananchi wa kawaida wamewahi kuifanyia nchi hii, na haisifiwi vya kutosha. Miaka hiyo ya kwanza nasari zilikuwa chini ya idara za huduma za jamii, pamoja na vikundi vya kina mama. Halafu 1980 zikahamishiwa Wizara ya Elimu.

Uamuzi huo ulikuwa na faida zake. Walimu walipata mafunzo, mtaala ukaandikwa, mtoto wa miaka sita akaingia darasa la kwanza akijua kushika penseli. Lakini angalia kilichobadilika kimya kimya. Mahali pa kumlea mtoto pakawa shule, na shule ina mambo yake. Ina umri wa kuingia. Hufungwa mchana. Ina likizo Aprili, Agosti na Desemba. Mama anayekata maua au kushona mashati hana likizo ya Agosti. Na mtoto wa chini ya umri wa nasari akabaki bila wizara ya kumwangalia.

Piga hesabu ya leo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. (Ile ya 1976 ilimpa miwili, na likizo yake ya mwaka ikaenda hapo hapo.) Baba anapata wiki mbili. Chekechea ya umma inaanza mtoto akiwa na miaka minne. Kati ya mwisho wa likizo na mwanzo wa chekechea kuna miaka mitatu na miezi tisa. Hiyo miaka mitatu na miezi tisa jiji linaendeshwa na akili za mtaani.

Nyumbani kwetu, akili hiyo ilikuwa binamu yangu.

Aliletwa kutoka upande wa Kakamega mwaka wa 1996, akiwa na miaka 12, ametoka darasa la sita. Mathe alikuwa ameanza kushona kwenye kiwanda, mimi nilikuwa na miaka miwili. Makubaliano yalifanywa na wakubwa: akae nasi, asaidie na mtoto, baadaye arudishwe shule. Sisi watoto wa ploti tulimwita Anti. Fikiria hiyo, msichana wa miaka 12 anaitwa Anti. Alinibeba mgongoni, alinipikia uji, alijua nikilia nalilia nini. Shule hakurudi. Hakuna aliyekaa chini akaamua asirudi. Kila mwaka kulikuwa na sababu, na sababu mojawapo ilikuwa ni mimi, kisha mdogo wangu.

Sisemi hivi kumsuta mathe. Mshahara wake haungelipa mtu mzima, na mtaani hapakuwa na kituo. Nusu ya ninaosoma nao chuo walilelewa na Anti wao, na tukiwa kwenye stori za utotoni wote tunacheka kuhusu jinsi walivyotuchapa na kututungia hadithi za majini. Hatufiki pale pa kuuliza walikuwa na umri gani. Kwa miaka mingi, tabaka la kati la Nairobi na hata wale wa chini yake walikwenda kazini kwa gharama ya masomo ya wasichana wa ushago. Kila ofisi iliyopata karani wa kike anayefika saa mbili kamili ilikuwa na msichana kama huyo nyuma yake, na haikuwahi kumjua jina.

Njia hiyo ilianza kuzibwa. Sheria ya Watoto ya 2001 iliharamisha kazi za namna hiyo kwa mtoto. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wasichana wengi ambao wangeletwa mjini wakaingia darasani. Dada wakubwa waliokuwa wanabaki na wadogo zao mtaani nao wakaenda shule. Ni ushindi mkubwa, na singetaka hata kidogo turudi nyuma. Lakini mlezi alipoondolewa, hakuna aliyewekwa mahali pake. Kazi iliyokuwa inafanywa na watoto ikaangukia kina mama wa vibao.

Binamu yangu leo yuko Pipeline, na ana watoto watatu. Ni mama fua. Asubuhi hukaa na wenzake nje ya geti la estate za watu, wakingoja mtu atoe kichwa aseme anahitaji wa kufua. Swali la kwanza huwa ni bei. La pili huwa ni mtoto umemwachia nani, na jibu baya la hilo swali humkosesha kazi, kwa sababu mwenye nyumba hataki mtoto mwingine atambae kwenye sakafu yake. Kwa hivyo kabla hajapata shilingi hata moja, tayari ametoa 80 kwa baby care. Kuna siku anarudi bila kazi na hizo 80 zimeenda.

Usidhani mwajiri ni kampuni tu. Wewe unayemwita mama fua Jumamosi ni mwajiri. Mwenye salon ni mwajiri. Zaidi ya Wakenya wanane kati ya kumi wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi, na ndiyo maana nina mashaka na mazungumzo yanayoishia kwenye kumwambia mwajiri ajenge chumba. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri wote wawe na sehemu ya kunyonyeshea au kukamulia maziwa, yenye maji ya kunawa, jokofu na viti, na muda wa kuitumia. Ni sheria nzuri. Safaricom ina kituo cha watoto wa wafanyakazi wake, na ni mfano mzuri. Lakini muuzaji wa mitumba Gikomba atajengewa jokofu na nani? Ye mwenyewe ndiye mwajiri, mfanyakazi, na mama.

Hata wale wenye jengo la mawe yalikuwa yamewashinda. Agosti 2019, mbunge wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia Bunge la Kitaifa na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Aliamriwa atoke. Wanaume wengine ndani ya ukumbi walipiga kelele kana kwamba ameingia na bomu. Nilikuwa nikitazama video hiyo kwenye simu ndani ya matatu, na mama aliyekaa kando yangu akachungulia, akaguna, akasema hata wao. Maneno mawili tu.

Sasa, je, inaleta tofauti mtoto akipata mahali pa maana? Watafiti wa chuo kikuu cha McGill na wa APHRC ya hapa Nairobi walijaribu kulijibu hilo Korogocho. Baadhi ya kina mama walipewa vocha za kulipia kituo cha watoto, wengine hawakupewa, kisha wakalinganishwa. Matokeo yalichapishwa 2019: waliopata vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi kwa asilimia 17 zaidi ya wenzao. Nambari hiyo ndiyo hunukuliwa sana. Mimi kilichonigusa ni kingine. Kwa kina mama wanaolea peke yao, saa za kazi zilipungua lakini kipato hakikushuka, kwa sababu waliweza kuhamia kazi zenye saa zinazoeleweka. Kumbe walikuwa wanafanya kazi za usiku na za vipande vipande si kwa kupenda. Walikuwa wanafuata saa ambazo jirani angeweza kubaki na mtoto.

Upande wa mwajiri nilielezwa na msimamizi mmoja wa ghala la kufungashia bidhaa huko Industrial Area, jamaa asiye na muda wa siasa. Anasema hata bila kufungua rejista anajua ni mtoto wa nani ana homa wiki hii. Kituo cha mtaani kikifungwa ghafla, kwa sababu mlezi amefiwa au amefungiwa nyumba na landlord, yeye hupoteza watu wanne, watano kwa siku moja, wote kutoka ploti moja. Anaita vibarua wengine getini, anawafundisha kazi upya, na mzigo unatoka umechelewa. Nikamuuliza kama kampuni imewahi kufikiria kuchangia hicho kituo. Akacheka, akaniuliza watachangia kituo gani wakati hakina hata anwani. Bila kujua, alikuwa anasema yale ya Carpenter ya 1954, miaka mingi baadaye, na barabara moja tu kutoka kwa nyumba za watu anaowalalamikia.

Hapo ndipo ile namba tisa ya Jedwali inarudi kuwa na maana. Mwaka wa 2017 Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya vituo vya kulea watoto, kuhusu kuvisajili na kuvipa leseni. Sina shida na leseni. Chumba kisicho na dirisha chenye watoto ishirini na jiko la makaa ni hatari, na mtu lazima aseme hivyo. Lakini leseni peke yake kwa mama anayepata 80 kwa mtoto ni sababu nyingine ya askari kubisha mlango. Wengi wataondoa kibao na kuendelea ndani. Wa mitandao kama Kidogo wamekuwa wakifanya kinyume chake: wanamkuta huyo mama alipo, wanampa mafunzo na kumsaidia kuendesha biashara yake, badala ya kumfukuza. Kaunti ingeweza kujifunza hapo.

Ninachokiita mipango ni kitu cha kawaida kabisa, na ni kile kilichofanywa kwenye mashamba ya kahawa bila semina yoyote. Ni kujua watu wanapita wapi wakienda kazini na kuweka mahali pa mtoto kwenye njia hiyo. Ukijenga soko, unaweka chumba cha watoto kwenye ramani ya soko, si baada ya watoto kuanza kulala kwenye maboksi ya mitumba. Ni kufungua saa kumi na moja na nusu asubuhi kwa mtaa unaoamka saa hiyo. Na kuna vile tunavyodanganyana kwamba hatujui kupanga. Mwaka huohuo wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, zaidi ya kaya 100,000, ukutani kabisa mwa Industrial Area. Wakazi waliketi na wataalamu wakajadili maji, barabara, afya, shule. Kwa hiyo inawezekana. Wenye viwanda wako upande wa pili wa ukuta, na wanatozwa ada za kaunti kila mwaka. Sioni kwa nini sehemu ya ada hizo isirudi upande huu ikiwa uji na godoro.

Tangu 2023 kuna magari ya Dishi na County yanayopeleka chakula cha mchana kwenye shule za msingi na chekechea za umma. Mzazi analipa shilingi tano, mtoto anagusisha bangili yake, anapewa sahani. Nimekuwa nikibishana na marafiki wanaoukejeli mpango huo. Mimi naupenda. Binamu yangu naye anaupenda, maana mtoto wake wa pili anakula huko. Wa tatu ana miaka miwili na yuko baby care, na kutoka hapo watoto husikia gari la chakula likipinda kuingia shule ya jirani. Mlezi wao, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Shosh, aliniuliza siku moja kama najua mtu huko kaunti. Anataka kujua kama anaweza kulipa hizo tano tano yeye mwenyewe, za watoto wake 14, na nani wa kumpelekea.